BI. GRACE CROWFOOT: MKUNGA ALIYESOMA VITAMBAA VYA KALE

Msomaji mpenzi, nguo ni kitu cha kuoza. Chungu chaweza kulala ardhini miaka elfu tatu kikatoka kizima, lakini nguo huliwa na mchwa na unyevu ikaisha kabisa. Mara nyingi hubaki pale palipo pakavu mno, kama jangwani na pangoni, au pale ilipogusana na chuma kikaishika kwa kutu yake. Ndiyo maana zamani baadhi ya wachimbuaji wa mambo ya kale walipokuta kitambaa kilichochakaa walikiona takataka tu. Wao walitaka dhahabu, bwana! Miongoni mwa watu waliowafumbua macho alikuwa Bi. Grace Crowfoot.

Bi. Grace alizaliwa mwaka 1879 huko Lincolnshire, Uingereza. Jamaa zake walikuwa watu wa uwezo, na babu yake alikuwa amekusanya vitu vingi vya kale kutoka Misri. Hata hivyo, binti huyu hakukaa nyumbani kungojea posa. Alijifunza ukunga mjini London. Mwaka 1909 akaolewa na Bw. John Crowfoot, aliyekuwa mwalimu na mtumishi wa serikali, wakaenda kuishi Misri na baadaye Sudan.

Sasa, mke wa mkubwa wa serikali ya kikoloni alitarajiwa kunywa chai barazani na kupokea wageni. Bi. Grace yeye aliketi chini na wanawake wa Sudan akawaomba wamfundishe kusokota uzi na kufuma nguo. Walimfundisha kwa mikono yao, naye akafuata kama mtoto wa darasa la kwanza. Akiwa mkunga, aliona pia mateso ya akina mama waliokeketwa, akawa miongoni mwa waliounga mkono shule ya wakunga iliyofunguliwa Omdurman mwaka 1921. Mwaka huo huo alichapisha makala juu ya usokotaji na ufumaji wa Sudan.

Alichogundua kilimshangaza. Kumbe namna ya kusokota na kufuma aliyofundishwa na akina mama wale ilifanana sana na ile iliyochorwa katika makaburi ya Misri ya kale! Ufundi ambao wataalamu waliukisia kwa kutazama picha ulikuwa hai, mikononi mwa wanawake ambao hakuna profesa aliyewauliza lolote. Mwaka 1931 akatoa kitabu kizima juu ya njia za kusokota uzi kwa mkono katika Misri na Sudan.

Labda utauliza, msomaji, kitambaa kinasomwaje? Hebu tazama uzi. Ukisokotwa upande mmoja, misokoto yake hulala kama mstari wa katikati wa herufi S. Ukisokotwa upande wa pili, hulala kama wa herufi Z. Wamisri wa kale kwa kawaida walisokota kitani kwa S. Basi ukikuta uzi wa Z mahali pa watu wa S, lazima ujiulize kama nguo hiyo imetoka mbali. Halafu unahesabu nyuzi za mtande, yaani zile zinazotandikwa kwanza, na za mshindio, yaani zinazopitishwa katikati yake. Ni kazi ya kuumiza macho, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1926 Bw. Crowfoot alipewa uongozi wa shule ya akiolojia ya Waingereza mjini Jerusalem, na huko Bi. Grace aliendelea na utafiti wake. Kazi yake kubwa ilikuja uzeeni, alipokuwa amekwisha kurudi Uingereza. Mwaka 1947 magombo ya kale yalikuwa yamepatikana pangoni karibu na Bahari ya Chumvi, na mwaka 1949 pango hilo likachimbuliwa. Ndani mlikuwa na vitambaa vilivyofungia magombo na kufunikia mitungi. Bi. Grace alivichunguza kimoja kimoja. Vilikuwa vya kitani, na baadhi vilitiwa mistari ya buluu ya nili. Kipande kimojawapo kilipimwa umri huko Chicago kikaonekana kuwa cha mwaka 33 hivi baada ya Kristo, kwa tofauti ya miaka 200 mbele au nyuma. Hivyo kitambaa kilisaidia kuthibitisha ukale wa magombo yenyewe! Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1955, naye akafariki mwaka 1957.

Mama huyu alikuwa na mabinti wanne. Dorothy alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1964. Elisabeth alirithi kazi ya vitambaa, akaendelea hata na vile vya kaburi la mashua la Sutton Hoo, Uingereza, lililochimbuliwa mwaka 1939.

Wenzangu, wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Bi. Grace hakuanza na darubini wala maktaba. Alianza kwa kumwuliza mama aliyeshika kijiti cha kusokotea uzi. Nasi tunao nyanya wanaosokota uzi wa kiondo pajani huku tukiwapita mbio na vitabu mkononi. Likizo ijayo, kaa chini umwulize wako: anasokota upande gani, na ni nani aliyemfundisha? Andika jibu lake, kwa maana mikono hiyo nayo haitadumu.