Ferdinand Porsche na silinda iliyozidi joto

Gari likitoka Busale kuelekea Tukuyu, linaacha joto la tambarare ya Ziwa Nyasa na kuanza kupanda. Dereva mzoefu hapo huangalia injini isichemshe. Jambo hilohilo lilimshughulisha Ferdinand Porsche, mbunifu wa Volkswagen Beetle, gari dogo lenye mgongo kama wa kobe ambalo wazee wetu wengi wanalikumbuka.

Porsche alizaliwa Septemba 3, 1875 huko Maffersdorf, mahali ambapo leo ni Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi bati, lakini kijana alipenda umeme. Mwaka 1900 gari lake la umeme, lenye mota ndani ya magurudumu, lilioneshwa Paris. Mwaka 1931 alifungua ofisi yake Stuttgart, Ujerumani.

Mwaka 1934, chini ya utawala wa Hitler, alipewa kazi ya kubuni gari la mtu wa kipato cha chini. Injini yake iliwekwa nyuma, ikiwa na silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto. Haikuwa na rejeta wala maji. Feni iliyozungushwa na mkanda ilipuliza hewa juu ya silinda.

Hata hivyo, hewa haikugawanyika sawa. Kifaa cha kupozea oili kilisimama kwenye njia ya hewa iendayo silinda ya tatu. Kikaizuia kwa sehemu, na hewa iliyopita ilikuwa imeshapashwa moto na oili. Kwa hiyo silinda hiyo ilichemka kuliko wenzake, na mara nyingi valvu yake ya kutolea moshi ndiyo iliyoungua kwanza.

Maisha ya Porsche nayo yana upande mzito. Alijiunga na chama cha Hitler. Wajerumani zaidi ya laki tatu waliweka akiba kila wiki ili wapate gari hilo, lakini vita vikaanza na hakuna aliyelipata kwa mpango huo. Kiwanda kikatengeneza magari ya jeshi, kikitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Baada ya vita Porsche alifungwa Ufaransa hadi mwaka 1947. Alifariki Stuttgart, Januari 30, 1951.

Gari lake liliendelea bila yeye. Mwaka 1962 lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki, kwenye vumbi na matope yetu. Lakini ile kasoro ilidumu hadi mwaka 1970, kiwanda kilipokihamisha kifaa cha oili na kukipa njia yake ya hewa.

Injini zilizolala bado zipo barabarani, kama za Subaru, ila hizo hupozwa kwa maji. Ukiwa bado na Beetle, kagua mkanda wa feni kabla ya kupanda mlima, na umwombe fundi aanze kupima valvu za silinda ya tatu.