William Hogarth: Mchoraji aliyewaumbua wakubwa wanaooana kwa pesa

Bwana harusi mtarajiwa anajitazama kwenye kioo. Mchumba wake kampa mgongo, anachezea pete. Baba zao wako mezani, wanapatana bei.

Ndivyo inavyoanza Marriage A-la-Mode, picha sita ambazo Mwingereza William Hogarth alizichora karibu mwaka 1743 kuwasuta wakubwa wa London.

Hogarth alizaliwa mjini humo mwaka 1697. Baba yake, mwalimu wa Kilatini, alifungua mgahawa wa kahawa. Biashara ikafa, naye akatupwa gereza la Fleet kwa sababu ya madeni. William akakua akijua vizuri deni linavyoweza kuiaibisha familia.

Alianza kama mwanagenzi wa kuchonga nakshi kwenye vyombo vya fedha, kisha akaingia kwenye uchoraji. Mwaka 1729 alitoroka na Jane, binti wa mchoraji maarufu Sir James Thornhill, wakaoana bila ridhaa ya mzee. Baadaye mkwe alilegea, wakapatana.

Kumbe aliyeoa kwa mapenzi ndiye aliyekuja kuichora ndoa ya biashara.

Katika picha zake, kabaila mmoja kafilisika, na jumba lake jipya limekwama halijaisha. Kilichobaki ni jina la ukoo. Mfanyabiashara mmoja naye ana hela kibao, ila hana cheo. Huko Uingereza, mali ya ndoa ilitoka upande wa bibi harusi. Basi wazee wakabadilishana: huyu jina, yule pesa. Watoto hawakuulizwa.

Kilichofuata ni balaa. Mume akawa mtu wa kuzurura usiku, akapata ugonjwa wa zinaa. Mke akaangukia kwa mwanasheria aliyekuwepo siku ya mkataba. Mume alipowafumania, akachomwa upanga akafa. Mwanasheria akanyongwa, mke akanywa sumu.

Kwenye picha ya mwisho, baba mtu anamvua binti yake pete kidoleni. Hata hapo, anawaza mali.

Hogarth hakutaka kazi zake ziishie kwenye kuta za matajiri. Alizitoa kwa chapa ili watu wengi wanunue. Wezi walipoanza kunakili picha zake, alipigania sheria ya 1735 iliyowapa wachongaji ulinzi wa miaka 14.

Chapa za Marriage A-la-Mode zilitoka 1745, lakini picha zenyewe zilimtia uchungu. Kwenye mnada wa 1751, zote sita zilikwenda kwa gini 120 tu. Mchoraji aliyewacheka wanaothamini kila kitu kwa pesa alijikuta kazi yake ikipewa bei ya kutupwa.

Alifariki Oktoba 1764, akazikwa Chiswick. Picha hizo ziko National Gallery, London, tangu 1824. Kuzitazama ni bure.