Mtakatifu Monika na kikapu kilichoishia mlangoni

Agosti 27 Kanisa humkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake mwanawe, Mtakatifu Augustino. Zamani sikukuu ya mama ilikuwa Mei 4. Kalenda ya liturujia iliporekebishwa mwaka 1969, ikaletwa karibu na ya mtoto. Hapo ndipo mahali pake, kwa maana mama huyu hakukubali kuachana na mwanawe.

Monika alizaliwa karibu mwaka 331 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mumewe Patrisi alikuwa mpagani, mwepesi wa hasira, tena hakuwa mwaminifu katika ndoa. Monika alimwombea, naye akabatizwa kabla ya kufa.

Mzigo mzito zaidi ulikuwa Augustino. Kijana huyo mwenye akili nyingi aliiacha imani ya mama yake akawafuata Wamanikea. Mwaka 383 alipanda meli usiku kwenda Roma, akimdanganya mama kwamba anamsindikiza rafiki tu. Usiku huo Monika alikuwa akisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani pale Karthago. Kulipopambazuka, meli ilikuwa imekwenda. Baadaye naye akavuka bahari, akamkuta mwanawe Milano.

Kwao Afrika, waamini walikuwa na desturi ya kupeleka chakula na divai kwenye makaburi ya wafiadini siku za kumbukumbu zao. Monika akafanya vivyo hivyo Milano, akafika na kikapu chake. Bawabu akamzuia: Askofu Ambrosi alikuwa amekataza, kwa sababu wengine walilewa, na jambo lenyewe lilifanana na karamu za wapagani kwa wafu wao. Monika hakubishana. Tangu hapo chakula aliwapa maskini, na kwa wafiadini akaenda na sala.

Usiku wa Pasaka mwaka 387, Ambrosi alimbatiza Augustino. Mama alikuwa amepata alichokililia miaka mingi. Mwaka huo huo, wakisubiri meli ya kurudi nyumbani, Monika alishikwa na homa katika bandari ya Ostia. Kwa muda mrefu alikuwa ameandaa kaburi kando ya mumewe, na mwanawe mwingine alitamani mama afie nyumbani. Lakini Monika aliwaambia wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao. Aliomba jambo moja tu: wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Siku ya tisa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake.

Ndugu zangu, sisi tunajua uzito wa kuzikwa nyumbani. Tunachanga, tunasafirisha jeneza, tunajenga kaburi la vigae. Si vibaya kumheshimu marehemu. Lakini baada ya matanga, ni nani anayelipeleka jina lake altareni? Wako wazazi wetu ambao kaburi lao linang'aa, na mwaka mzima hatujawaombea hata Misa moja.

Sikukuu ya mwaka huu, tumwige Monika. Mtaje marehemu wako kwenye Misa, na sahani ambayo ungeandaa kwa karamu mpelekee jirani mwenye njaa. Na wewe mama ambaye mwanao ameliacha Kanisa, usichoke kumwombea. Mtoto wa Monika aliondoka usiku, lakini alirudi.

Nawatakia Dominika njema.