Nathaniel Baldwin, fundi wa kaske aliyeanzia jikoni na kumalizia bila kitu

Kaske ya masikio iko kitu kidogo. Mutangazaji anaivaa studio, karani anaivaa ku biro wakati anafuata mukutano kwa simu, kijana anaivaa ndani ya basi. Wengi wanafikiri ilianza juu ya muziki. Hapana, ilianza juu ya kazi. Na mutu mwenye aliifanya ikuwe chombo cha kazi cha kweli alikuwa Nathaniel Baldwin, fundi wa umeme wa jimbo la Utah, Marekani. Alitengeneza kaske yake ndani ya jiko la nyumba, ikamutajirisha, kisha akapoteza feza yote, hata uhuru wake.

Baldwin alizaliwa tarehe 1 Desemba 1878 katika muji mudogo wa Fillmore. Wazazi wake walikuwa Wamormoni, wale waumini wenye kanisa lao linaitwa rasmi Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Waumini hao njo walijenga sehemu kubwa ya Utah. Tangu utoto alipenda kuunda vitu kwa mikono yake. Alisoma katika shule za kwao, kisha akaenda mupaka Chuo Kikuu cha Stanford, California, kusomea mambo ya umeme.

Aliporudi, alifundisha katika chuo cha kanisa ku Provo, chenye leo kinaitwa Brigham Young University. Alifundisha fizikia, tena alifundisha mambo ya dini. Hapo njo shida yake ya kwanza ilitokea. Tangu mwaka wa 1890, wakubwa wa kanisa walikuwa wametangaza kwamba waumini wanaacha ndoa ya wake wengi. Baldwin aliona kwamba haikufaa kuiacha, na hakuficha mawazo yake. Alipoteza kazi ya ualimu. Ile imani haikumuachia tena, na mbele tutaona bei yenye alilipa.

Mahubiri yenye hayasikiki

Inasimuliwa kwamba wazo la chombo chake lilitoka kanisani. Katika muji wa Salt Lake City kuko jengo kubwa la ibada, Tabernacle, lenye linapokea maelfu ya watu. Siku zile hakukuwa maikrofoni wala baffle. Muhubiri alisimama mbele, akapaza sauti, na wenye walikaa mbali walishika neno moja moja tu. Baldwin alikuwa kati ya wenye hawakusikia muzuri.

Akaanza kutafuta namna ya kuongeza sauti. Kwanza alijaribu mashini ya hewa yenye kusukumwa kwa nguvu. Lakini ili mashini ile itumike, alihitaji kwanza kipande kidogo chenye kinaweza kugeuza umeme kidogo sana kuwa sauti yenye kusikika. Mashini kubwa haikumupeleka mbali. Kile kipande kidogo njo kilimupatia jina.

Wakati ule alikuwa anatumika ku kituo kidogo cha umeme wa maji katika milima ya Wasatch. Mushahara haukuwa mukubwa, lakini alipata saa za kufanya majaribio. Kisha kazi, meza ya jiko ilikuwa atelie yake.

Siri ya kile kipande

Baldwin hakuwa wa kwanza kuweka chombo cha kusikiliza juu ya sikio. Katika miaka ya 1880, wenye walitumika ku santrali za simu Marekani walibeba chombo kwenye bega, kizito karibu kilo 5, na kilisikilisha sikio moja tu. Mwaka wa 1891, Mufaransa Ernest Mercadier alipata haki ya chombo kidogo cha kuingiza ndani ya masikio. Kwa hiyo kuvaa chombo halikuwa jambo jipya. Shida ilikuwa kwamba vyombo vile havikusikia umeme mudogo.

Katika chombo cha kawaida, kuko sumaku na, mbele yake, kibati chembamba cha chuma. Sumaku inavuta kibati wakati wote, hata kama hakuna sauti yenye inapita. Ni kama ngoma yenye ngozi imevutwa upande mumoja: ukiigusa polepole, haiitike. Baldwin alifanya ingine. Aliweka kijiti kidogo cha chuma katikati ya ncha za sumaku, kikae sawa kama mizani, pasipo kuvutwa upande huu ao ule. Umeme kidogo tu ukipita katika waya, kijiti kinayumba. Kisha kijiti kile kinasukuma, kupitia waya mwembamba, kibati cha mika. Mika ni lile jiwe lenye linabanduka tabaka kwa tabaka kama karatasi; ni nyepesi, na sumaku haiivute.

Kuzunguka kijiti aliweka waya mwembamba wa shaba, uliozungushwa mara nyingi sana. Inasemwa kwamba ukiufungua wote unaweza kufikia zaidi ya kilometre moja. Na chombo chote hakikuhitaji pile wala umeme mwingine: kilitumia tu ile nguvu kidogo yenye ilifika kutoka kwa antena.

Barua kwa jeshi la baharini

Alijaribu kuonyesha chombo chake kwa watu wa feza na wa sayansi. Hawakupendezwa. Mwaka wa 1910 akatuma kaske, pamoja na barua, kwa jeshi la baharini la Marekani. Hakukuwa sababu nyingi za kumuamini: mutu wa milimani, hana kampuni, chombo kimefungwa kwa mikono.

Lakini jeshi lilikuwa na shida ya kweli. Meli zilikuwa zimeanza kuwasiliana kwa telegrafu bila waya, yenye kwetu Wabelgiji waliita TSF. Meli inatuma alama za Morse, na mbali sana mutu mumoja anakaa ndani ya chumba kidogo, kaske ku masikio, anaandika yale anasikia. Injini zinapiga kelele, upepo unavuma, alama ziko dhaifu. Mutu yule asiposikia, mashini yote ya bei kubwa ni bure.

Maofisa walijaribu kaske ya Baldwin na kukuta kwamba inapita zile walikuwa nazo. Wakaagiza zingine. Kumbe fundi hakuwa na kiwanda. Alijibu kwamba anaweza kutengeneza karibu kumi kwa mara moja, juu anafanya kazi jikoni. Walalamikaji hawakukosa pia: kile cha kushikilia kichwani hakikukaa muzuri. Baldwin alikitengeneza upya kwa nyuzi mbili za chuma zilizofunikwa na ngozi, zenye mutu anaweza kupanua ao kupunguza kufuatana na kichwa chake. Umbo lile, masikio mawili na daraja juu ya kichwa, njo bado tunalivaa leo.

Katika miaka ileile TSF ilifika Kongo pia. Mbele ya vita ya 1914 Wabelgiji walikuwa wamejenga vituo kutoka Banana, pembeni ya bahari, mupaka Stanleyville, yenye leo ni Kisangani, na Elisabethville, yenye leo ni Lubumbashi. Huko pia habari haikusomwa mbele ya kusikiwa: kila kituo kilitegemea mutu mwenye chombo ku sikio, katika radi na mvua ya musimu.

Kutoka jikoni kwenda kiwandani

Baldwin alikataa kuhama Utah. Akajenga kiwanda upande wa East Millcreek, karibu na Salt Lake City. Vita vya kwanza vya dunia vilileta maagizo mengi. Kisha, tangu mwishoni mwa mwaka wa 1920, redio za watu wote zilianza kutangaza Marekani. Redio za kwanza za nyumbani zilikuwa ndogo, zingine bila umeme kabisa, na bila kaske hausikie kitu. Watu wakatafuta kaske ya Baldwin kama watu wa siku hizi wanatafuta chaja. Katika mwaka wa 1922, wakati biashara ilikuwa juu kabisa, inahesabiwa kwamba kiwanda kiliingiza karibu dola milioni 2 kwa mwaka. Yule mwalimu mwenye alifukuzwa alikuwa sasa tajiri.

Feza ile njo ilifungua tena kidonda cha zamani. Wanaume wenye waliamini kama yeye kwamba ndoa ya wake wengi isingeachwa walikuja karibu naye. Wengi walikuwa wamekataliwa na kanisa na hawakupata kazi mahali pengine. Baldwin aliwapatia kazi, na wengine akawapatia vyeo katika kampuni. Hakuangalia sana kama wanajua kuongoza biashara. Aliangalia imani yao. Feza ya kaske ikaanza kutoka kwa kusaidia mipango yao, na mipango mingi haikurudisha kitu.

Hapa kuko swali ngumu, na watu wa Utah wamelijadili muda murefu. Wengine wanaona mutu wa moyo mwema, mwenye hakutaka kula peke yake. Wengine wanaona mutu mwenye alichanganya sanduku la kampuni na sanduku la imani, na wafanyakazi wake njo walilipa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mwaka wa 1924 kampuni ilianguka.

Buloko na kimya

Alijaribu kusimama tena kwa kuuza hisa za kampuni zingine. Feza ya watu ikapotea, na serikali ikamushitaki kwamba alitumia posta kwa kudanganya wenye walinunua hisa. Mwaka wa 1930 alikutwa na kosa. Alifungwa karibu miaka miwili katika gereza la McNeil Island, kisiwa cha jimbo la Washington, upande wa bahari ya Pasifiki. Alipotoka, masoko yalikuwa yamebadilika: redio mupya zilikuwa na baffle ndani, na familia nzima ilisikiliza pamoja pasipo kuvaa kitu. Hakurudia tena utajiri. Alikufa Salt Lake City tarehe 19 Januari 1961, akiwa na miaka 82, bila mali.

Chombo chake hakikufa naye. Ile namna ya kijiti chenye kinakaa sawa katikati ya sumaku inatumika mupaka leo katika vifaa vya wenye hawasikie muzuri, na katika ekuteri ndogo zenye wanamuziki wanaingiza masikioni ku jukwaa.

Na kwa mwenye anatafuta kaske ya kutumika nayo ku biro, kazi ya Baldwin bado inafundisha kitu. Hakuongeza nguvu ya meli yenye ilituma, wala hakujenga antena ndefu zaidi. Alibadilisha kile kipande cha mwisho, chenye kinagusa sikio. Kaske ya muzuri inajulikana vile: inatoa neno wazi hata kama sauti iko chini, inafunika masikio ili kelele ya jenereta isiingie, na kichwa hakiumi kisha saa tatu. Kaske yenye inakulazimisha kupandisha sauti mupaka mwisho haikusaidii. Inachokesha masikio tu, na masikio hayana pièces za kubadilisha.