Sam Spiegel: mtayarishaji wa sinema aliyetuma watu wake mto Ruiki

Wengi wenu mnaujua mto Ruiki, ule unaoingia katika Lualaba kati ya Ubundu na Kisangani. Huenda ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1951, wakati Kisangani ilipoitwa Stanleyville na Ubundu ikiitwa Ponthierville, mto huo ulipigwa picha ya sinema iliyozunguka dunia nzima. Jina lake ni The African Queen. Mtu aliyeitafutia fedha, wachezaji na njia ya kufika huku alikuwa Sam Spiegel. Maisha yake yana mambo ya kushangaza, na yana mambo ambayo sisi wa makanisa tunapaswa kuyapima kwa makini.

Ndugu wawili wa nyumba moja

Samuel Spiegel alizaliwa tarehe 11 Novemba 1901 katika mji wa Jarosław, ulio leo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Ndugu yake Shalom alishika njia ya masomo, akawa mwalimu mkubwa wa maandiko ya Kiebrania huko New York. Kitabu chake kinachojulikana zaidi ni juu ya Abrahamu na Isaka mlimani Moria.

Samuel alishika njia nyingine. Akiwa kijana alikwenda Palestina pamoja na vijana wa Kiyahudi waliotaka kulima na kujenga nchi. Huko alioa na kupata binti, kisha akawaacha wote wawili na kwenda zake. Mwaka 1927 aliingia Marekani. Alikuwa na maneno matamu, lugha nyingi na madeni mengi. Alifungwa kwa udanganyifu, akafukuzwa nchini.

Alifika Berlin, akaanza kufanya kazi ya sinema. Mwaka 1933 Hitler alipochukua utawala, Spiegel alikimbia kama Wayahudi wengine wengi. Ndugu zetu wa Mashariki waliowahi kukimbia usiku na mfuko mmoja mkononi wanalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Alipita Ulaya na Mexico, na huko London alifungwa tena kwa ajili ya fedha. Mwishowe alirudi Marekani, na kwenye filamu zake akaandika jina S. P. Eagle. Masikio yakilisikia haraka, ni Spiegel yule yule. Kwa jina hilo alitoa Tales of Manhattan mwaka 1942 na The Stranger mwaka 1946.

Kazi ya mtayarishaji ni nini?

Watu wengi wakitazama sinema huwajua wachezaji tu. Mtayarishaji haonekani. Fikirini ujenzi wa kanisa. Kuna fundi anayejenga, kuna wanaobeba matofali, na kuna yule anayetafuta fedha, anayewaita mafundi, anayelipa mishahara, na ambaye mvua ikiharibu saruji ndiye anayeulizwa. Mtayarishaji ni huyo wa mwisho. Yeye hutafuta hadithi, hununua haki zake, humwita mwongozaji, hukopa fedha, na kazi ikimalizika huiuza.

Spiegel alikuwa hodari sana katika hayo. Pamoja na mwongozaji John Huston alianzisha kampuni iliyoitwa Horizon. Waliichukua hadithi ya C. S. Forester, kitabu cha mwaka 1935. Ni hadithi ya Rose, mmisionari wa Kimethodisti aliyekaa na kaka yake katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Askari wanachoma kijiji, kaka anakufa, na Rose anashuka mto katika mashua kuukuu pamoja na Charlie, fundi mpenda pombe. Wanakusudia kuizamisha meli ya Wajerumani ziwani. Wanapokwama katika matete na nguvu zimekwisha, Rose anaomba, na mvua inakuja kuinyanyua mashua.

Hadithi hiyo ina mzizi wa kweli karibu nasi. Katika vita ile Waingereza walizipitisha mashua mbili katika ardhi ya Kongo, wakazivuta porini na kuzisafirisha kwa reli mpaka Ziwa Tanganyika, mahali palipo Kalemie leo, ili kupigana na Wajerumani. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916. Baadaye iliopolewa na kuitwa Liemba, jina ambalo watu wa Kigoma na Kalemie wanalijua vizuri.

Kambi ya Biondo

Huston alitaka msitu wa kweli, si msitu wa karatasi. Kwa hiyo katika mwaka 1951 kundi lilifika Stanleyville, likaenda Biondo kwenye mto Ruiki. Kambi ilijengwa kwa mianzi na majani ya mitende. Katharine Hepburn ndiye aliyecheza Rose, na Humphrey Bogart alicheza Charlie. Kamera za rangi za siku zile zilikuwa nzito mno, na zilipaswa kuelea mtoni juu ya maboya. Siafu waliingia kambini. Mashua ilizama, ikabidi ivutwe kutoka majini.

Baadaye kazi ilihamia Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Butiaba kando ya Ziwa Albert. Watu wengi wa kundi waliugua tumbo na malaria, na Hepburn aliumwa vibaya. Bogart na Huston hawakuugua, na walipenda kusema ni kwa sababu wao walikunywa wiski badala ya maji. Tusiwafuate! Dawa ya maji machafu ni kuyachemsha.

Filamu ilitoka mwishoni mwa mwaka ule. Bogart alipewa Oscar, tuzo kubwa ya sinema ya Marekani, na hakuipata nyingine maishani mwake. Lakini Huston, aliyekaa porini miezi ile, hakuona faida aliyoitarajia. Alichoshwa na hesabu za mwenzake, akaondoka katika kampuni.

Kileleni

Baada ya hapo Spiegel alipanda juu sana. Mwaka 1954 alitoa On the Waterfront, juu ya wafanyakazi wa bandarini wanaonyanyaswa na viongozi wa chama chao. Ilipata Oscar 8. Mwaka 1957 ilikuja The Bridge on the River Kwai, iliyopigwa Sri Lanka. Daraja la kweli lilijengwa juu ya mto, kisha likalipuliwa mbele ya kamera. Ilipata Oscar 7. Mwaka 1962 alitoa Lawrence of Arabia, ya saa zaidi ya 3, iliyopigwa katika jangwa la Jordan na nchi nyingine. Hiyo pia ilipata 7. Zote tatu zilitajwa kuwa filamu bora ya mwaka wake.

Hata hivyo kuna jambo la kusikitisha. Hadithi ya River Kwai iliandikwa kwa ajili ya sinema na Carl Foreman na Michael Wilson. Wakati ule watu walioshukiwa kuwa wakomunisti walifungiwa kazi Marekani, na hao wawili walikuwa miongoni mwao. Majina yao hayakuwekwa. Tuzo ya uandishi alipewa Pierre Boulle, Mfaransa aliyeandika kitabu chenyewe lakini hakuandika sinema ile. Wilson alifanya kazi pia katika Lawrence, na huko nako jina lake liliachwa. Haki ya River Kwai ilirudishwa kwao mwaka 1984, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa.

Filamu za baadaye za Spiegel hazikufikia zile tatu. Alioa mara 3, akawa na meli yake ya anasa na mkusanyo wa picha za thamani. Alikufa tarehe 31 Desemba 1985 katika kisiwa cha Saint Martin, akiwa na miaka 84. Shule ya sinema huko Yerusalemu inaitwa kwa jina lake.

Neno kwetu

Mtu aliyewahi kuficha jina lake mwenyewe alijua uzito wa jina. Lakini aliacha majina ya wengine yafichwe. Huenda aliona hakuna njia nyingine katika hali ya siku zile. Hata hivyo waandishi ndio waliobeba hasara. Na wale watu wa Ruiki waliokata mianzi na kusukuma mitumbwi, hakuna anayewataja katika filamu ile, ingawa mto wao umeonekana duniani kote kwa zaidi ya miaka 70.

Leo kwaya zetu za Kisangani, Bunia, Goma na Bukavu zinarekodi nyimbo na video. Mtunzi wa wimbo anatajwa? Kijana aliyepiga gitaa anapewa kitu, au anaambiwa tu kwamba ni kazi ya Bwana? Tunapozindua kanisa, jiwe la ukutani linaandikwa mgeni wa heshima na aliyetoa fedha. Mama waliobeba mchanga kutoka mtoni wanaandikwa wapi? Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa una sauti, na sauti hiyo inafika kwa Mungu.

Kamati ya ujenzi au ya kwaya inaweza kuanza na daftari moja tu: majina ya wote waliofanya kazi, na alichopewa kila mmoja. Daftari hilo lisomwe mbele ya kanisa siku ya shukrani.