Mzee Kawawa na Sinema ya Muhogo Mchungu



Kila mmoja wetu anaijua Barabara ya Kawawa. Sisi tunaokaa bweni huku upande wa Temeke huipita kila tunapokwenda kucheza mpira Kinondoni, maana barabara hiyo huanzia Morocco, ikapita Kinondoni na Magomeni, ikakata Ilala, hata ikafika Chang'ombe. Lakini nilipowauliza wenzangu bwenini huyo Kawawa alikuwa nani, walinijibu kwamba alikuwa Waziri Mkuu, basi. Hakuna aliyejua kwamba kabla ya mambo ya uongozi mzee huyo alikuwa mchezaji wa sinema. Nami sikujua mpaka muhula huu, na nilikuja kujua kwa sababu ya aibu iliyonipata.

Shuleni kwetu kuna chama cha sinema, ambacho hukutana kila Jumamosi alasiri. Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye mlezi wake. Kwanza alitufundisha aina za sinema: za vichekesho, za mapenzi, za mapigano, za kutisha, na zile zinazoonyesha mambo ya kweli yalivyotokea. Kisha alitufundisha kupiga picha. Picha ya mbali humwonyesha mtazamaji mahali, picha ya kati humwonyesha watu na matendo yao, na picha ya karibu humwonyesha uso na yaliyomo moyoni. Tena kamera ikiwekwa juu ikamtazama mtu chini, mtu huyo huonekana mdogo na mnyonge; ikiwekwa chini ikamtazama juu, huonekana mkubwa hata akiwa mfupi kama mimi.

Basi tukaamua kutengeneza sinema yetu fupi ya kuchekesha, kwa simu ya mwalimu, juu ya mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Wenzangu wote wakanichagua mimi niwe huyo mshamba. Mimi nimetoka kijijini mkoani Ruvuma, na matamshi yangu huwachekesha siku zote. Tulipoanza, mpiga picha alipanda juu ya meza, nami nikasimama chini na mfuko wangu kichwani. Walipoitazama ile picha walicheka hata machozi yakawatoka. Niliuweka mfuko chini nikasema sichezi tena. Mwalimu hakunigombeza. Alinipa kazi nyingine: nitafute habari za maisha ya Mzee Kawawa, mtu wa Ruvuma kama mimi, nije niwasimulie wenzangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Songea. Alisoma shule za msingi, kisha akaendelea mpaka Shule ya Serikali ya Tabora, shule ya bweni kama yetu, ambayo Mwalimu Julius Nyerere naye aliwahi kusoma. Alipomaliza alikuja Dar es Salaam akawa karani wa Serikali. Baadaye akahamia katika idara ya maendeleo ya jamii, na humo ndimo alimokutana na sinema.

Yafaa nieleze sinema za siku hizo zilikuwaje. Mjini Dar es Salaam yalikuwako majumba kama Empire na Avalon, na watu waliingia kwa tiketi kutazama picha za Kihindi na za Kimarekani. Mashambani hakukuwa na majumba hayo. Huko sinema ilikwenda kwa gari. Gari lilibeba mashine ya umeme, mashine ya kuonyeshea picha, kitambaa cheupe na kipaza sauti. Jioni kitambaa kilifungwa uwanjani, watu wakaketi chini, na mfanyakazi mmoja akashika kipaza sauti akiwaeleza kwa lugha yao yale waliyokuwa wakiyaona. Kijana aliyefanya kazi namna hiyo alijifunza kusimama mbele ya umati, na kusema maneno machache ambayo mzee na mtoto wote huyaelewa.

Sinema hizo zilikuwa za Serikali ya Mkoloni, nazo zilikuwa na shabaha yake. Tangu mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza walikuwa wamefanya majaribio ya kutengeneza sinema za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Baadaye, toka mwaka 1939, Serikali ya Uingereza ikawa na idara yake ya filamu za makoloni. Wakubwa wa idara hiyo waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata sinema ya kawaida. Walisema apewe picha za polepole, zisizorukaruka kutoka mahali hata mahali, wala zisiwe na ufundi mwingi. Wenzangu walipolisikia jambo hili walishangaa sana, maana wakati huo huo watu wa Dar es Salaam walikuwa wakijaa Empire kutazama farasi na bastola, nao walifuata kila kitu bila taabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya filamu ya Afrika Kusini kutengeneza sinema za hadithi kwa Kiswahili, wachezaji wakiwa Waafrika wa hapa hapa. Kijana Kawawa akachaguliwa kuwa mchezaji mkuu. Iliyopata sifa zaidi ni Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. Ndani yake Kawawa alikuwa mtu wa shamba anayekuja mjini, akakutana na wajanja wakamlaghai. Alicheza pia katika nyingine iitwayo Chalo Amerudi. Tazameni basi: mambo ninayoyakataa mimi shuleni, yeye aliyafanya mbele ya kamera ya mkoloni, na nchi nzima ikamtazama.

Tukumbuke kwamba hadithi ile haikuwa mchezo mtupu. Serikali haikupenda vijana wa mashamba wajae mjini, na sinema kama hiyo iliwaonya kwamba mji ni mchungu. Lakini mchezaji wake mkuu mwenyewe hakurudi shamba. Alikaa hapa mjini akajiunga na wafanyakazi wenzake kudai haki. Alikuwa kiongozi wa chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, na lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi mwaka 1955, yeye akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Aliacha kazi ya Serikali, akaingia TANU, akawa karibu sana na Mwalimu Nyerere.

Mengine yamo katika vitabu vyetu vya historia, kwa hiyo nitayapita upesi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, na Kawawa akashika mahali pake mpaka nchi ilipokuwa Jamhuri mwezi Desemba mwaka huo, akawa Makamu wa Rais. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, na toka mwaka 1972 hadi 1977 alikuwa Waziri Mkuu tena. Watu walimpa jina la Simba wa Vita. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009 katika Hospitali ya Muhimbili, akazikwa pembezoni mwa jiji hili hili la Dar es Salaam, ambalo katika sinema lilimlaghai.

Liko jambo moja zaidi lililotuchekesha sana katika chama chetu. Mwaka 1968 nchi yetu ilianzisha kampuni yake ya filamu, na mwaka 1974 kampuni hiyo ilitoa sinema iitwayo Fimbo ya Mnyonge. Hadithi yake ni ya nani? Ni ya mtu wa shamba anayekwenda mjini kutafuta kazi, akakosa, akarudi kujiunga na kijiji cha ujamaa. Na Waziri Mkuu wa mwaka huo alikuwa Kawawa yule yule wa Muhogo Mchungu! Mwalimu akatueleza kwamba hivyo ndivyo ilivyo aina ya sinema: hadithi ni ile ile, watu wanaijua tangu mwanzo, lakini anayeshika kamera hubadilika, na akibadilika hubadilika na maana.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nilifahamu kwamba kosa halikuwa katika kucheza mshamba. Mzee Kawawa alicheza, wala hakupungukiwa na kitu. Kosa lilikuwa mahali tulipoiweka kamera. Ilikuwa juu ya meza, nami nilikuwa chini, na mtazamaji hakuwa na njia ila kunicheka.

Jumamosi iliyofuata nilikubali kucheza tena, ila niliomba mambo mawili. Kwanza, kamera ishushwe iwe sawa na macho yangu. Pili, yule mjanja atakaponinyang'anya nauli, ipigwe picha ya karibu ya uso wangu. Mpiga picha akakubali. Tulipoitazama, wenzangu walicheka palipostahili kucheka. Lakini ilipofika ile picha ya karibu walinyamaza kimya, na mmoja akaniuliza kwa upole kama kweli jambo lile lilinipata nilipofika Dar es Salaam mara ya kwanza. Nikamwambia ndiyo, lilinipata.

Sinema yetu ni ya dakika 6 tu, nayo itaonyeshwa siku ya wazazi. Nawaomba wote mje kuitazama. Na mtakapopita tena katika Barabara ya Kawawa, toka Kinondoni hata Chang'ombe, mkumbukeni mtu wa Songea ambaye sinema iliwaonya watu kwa mfano wake wasije mjini, naye akakaa hata barabara ya mji ikaitwa kwa jina lake.