Carl Linnaeus, Mtu Aliyengojea Miti Ivae Majani

Mwaka huu sikuwaletea maisha ya mfalme wala mwanasiasa, maana hao wamejaa tele vitabuni. Nawaletea mtu wa miti. Jina lake Carl Linnaeus, na ijapokuwa hakuwahi kuikanyaga Afrika hata siku moja, ule mwembe wa uani kwenu una jina la kitaalamu alilolitoa yeye.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Babake, Nils, alikuwa kasisi aliyependa sana bustani. Hata jina la ukoo, Linnaeus, mzee huyo alilitoa kwenye mti mkubwa uliokuwa katika ardhi ya jamaa zao, ambao Waswidi huuita lind. Kwa hivyo mtoto alizaliwa tayari ana mti katika jina lake.

Shuleni huko Växjö hakufua dafu. Walimu walimwambia babake kwamba huyu hana kichwa cha ukasisi, afadhali atafutiwe kazi ya mikono. (Kidato cha tatu wengi wetu tumeyasikia maneno hayo!) Bahati nzuri palikuwa na daktari mmoja aliyefundisha pale, Johan Rothman, ambaye aliona kitu ndani ya kijana huyu, akamfunza mimea na tiba. Mwaka 1727 akaingia chuo kikuu cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Alikuwa fukara hohehahe, viatu vikitoboka hutia karatasi ndani akaendelea na safari. Mwaka 1732 alikwenda hadi Lapland, kaskazini kabisa kwenye baridi ya kukata mifupa, kutafuta mimea. Mwaka 1735 alikuwa Uholanzi, akapata udaktari na kuchapisha kitabu chake mashuhuri, Systema Naturae. Kufikia 1741 alikuwa profesa wa Uppsala. Yule aliyeambiwa hana kichwa!

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimpende. Uswidi kuna kipupwe kikali, na miti mingi hukaa uchi miezi kadhaa. Baridi ikipungua ndipo majani hurudi. Mkulima wa shayiri akipanda mapema mno, baridi humharibia mbegu. Akichelewa, baridi humrudia kabla hajavuna, na watoto walale njaa. Kalenda haimsaidii, kwani mwaka mmoja joto huwahi na mwingine likachelewa. Linnaeus akafikiri hivi: mti hausomi kalenda, mti huhisi joto lenyewe. Basi kwa nini tusiuulize mti?

Kuanzia 1750 hadi 1752, watu katika sehemu 18 za Uswidi waliandika siku ambayo kila aina ya mti ilifungua majani. Mwanafunzi wake Harald Barck aliyaeleza matokeo katika tasnifu ya mwaka 1753. Ikaonekana kwamba miti ina foleni yake. Vichaka fulani hutangulia, kisha mti wa gome jeupe uitwao björk, na mwaloni, ule tunaousoma katika Biblia, huja nyuma sana. Huko kusini kuna mti mwingine, bok, ambao kwa kawaida nao humtangulia mwaloni. Tarehe zinaweza kusogea, lakini foleni haibadiliki sana. Kwa hivyo mkulima akashauriwa angoje björk uvae majani, ndipo apande shayiri.

Hapa kisiwani hatuna kipupwe cha namna hiyo. Kwetu mwenye amri ni mvua. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, tazama mibuyu ya Mama Ngina: mingi imesimama mitupu kama iliyong'olewa ikapandwa juu chini. Mvua za masika, ambazo wazee wa Mji wa Kale huziita mwaka, zinapokaribia, ndipo huchipua. Kumbe mbuyu huweka maji shinani, na kwa akiba hiyo unaweza kuanza kutoa majani hata kabla ya tone la kwanza. Mkungu nao hugeuza majani yake mekundu kabla ya kuyaangusha, na mwembe hauvui nguo zote kwa pamoja, bali hutoa majani machanga ya rangi ya shaba huku ya zamani yangalipo. Mimi naona Linnaeus angekaa Mombasa angejaza madaftari.

Mwaka 1753 alitoa kitabu Species Plantarum, kilichoupa kila mmea majina mawili tu. Mwembe, mnazi na mkwaju imo humo. Mbuyu aliuita Adansonia mwaka 1759, kumtukuza Mfaransa Michel Adanson aliyeuona Senegal. Ajabu ni kwamba Adanson mwenyewe alipendelea majina ya wenyeji. Hapo mimi niko upande wa Adanson.

Tena kuna doa siwezi kulificha. Katika chapa ya 1758 ya Systema Naturae, Linnaeus aliwagawa wanadamu kwa rangi na bara, akawapa Waafrika sifa mbaya za uvivu na uzembe. Mtu aliyengoja miaka mitatu kabla ya kusema lolote kuhusu jani, alihukumu bara zima bila kulitazama.

Uzeeni alipigwa na kiharusi, akafariki Uppsala tarehe 10 Januari 1778. Mkewe, Sara, aliuza vitabu na mimea yake iliyokaushwa kwa Mwingereza James Edward Smith, na mwaka 1784 yote ikasafirishwa kwa meli hadi London, iliko mpaka leo. Bustani yake ya Uppsala haikuweza kupakiwa melini. Iko pale pale, na kila mwaka baridi ikiisha miti yake huvaa majani.